Diski Pacha na Hatua za Awali za Kuwaka kwa Kompyuta ya Linux: Suala la Lugha ya Maelekezo katika Mpaka wa Kobero

Ikisiri

Makala haya yanaeleza jinsi kompyuta inayotumia Linux inavyopita hatua zake za kwanza baada ya kuwashwa, na jinsi diski mbili zinazobeba data ile ile zinavyokusanywa katika hatua hizo kabla ya mfumo endeshi kuanza kazi. Maelezo yamewekwa katika mazingira ya Kobero, kituo cha mpaka wa Burundi na Tanzania, ambako mafundi wa pande mbili hukutana kwa Kiswahili huku kila upande ukiwa umejifunza ufundi wake kwa lugha nyingine. Hoja kuu ni kwamba hatua hizo ziko nje ya eneo ambalo ujanibishaji wa programu umeshughulikia hadi sasa, na kwamba mwongozo wa fundi ulioandikwa kwa Kiswahili sahihi una uzito mkubwa kuliko tafsiri ya menyu za skrini.

Istilahi muhimu: diski pacha, kiini, kipakizi, kitangulizi, ngeli, ujanibishaji

Mahali na swali

Kobero iko katika komini ya Butihinda, Muyinga, katika eneo ambalo kwa mgawanyo wa mikoa ulioanza kutumika mwaka 2025 limeingizwa katika Mkoa wa Buhumuza. Ng'ambo ya pili ni Kabanga, Wilaya ya Ngara, Mkoa wa Kagera. Sehemu kubwa ya shehena ya Burundi inayoshuka katika bandari ya Dar es Salaam hupita hapa kwa malori, kisha huelekea Muyinga mjini na kuendelea ama Bujumbura ama Gitega kwa barabara ya Karuzi. Kituo ni cha pamoja: maofisa wa nchi mbili hufanya kazi chini ya paa moja, lakini mifumo yao ya forodha ni tofauti. Mamlaka ya Mapato ya Burundi, OBR, hutumia ASYCUDA World iliyotengenezwa na UNCTAD, ambayo wanaozungumza Kifaransa huiita SYDONIA. Mamlaka ya Mapato Tanzania ina TANCIS.

Makala haya hayaelezi seva ya idara yoyote mahususi. Yanachukua mfano wa kawaida kabisa: seva ndogo ya ofisi, yenye Linux na diski mbili, ambayo inaweza kuwekwa katika chumba chochote cha nyuma cha kituo kama Kobero ili kuhifadhi nyaraka, picha za skana na nakala za matamko ya forodha pale mtandao wa kwenda Bujumbura au Gitega unapokatika. Seva hiyo ikigoma kuamka alfajiri, foleni ya malori huanza kurefuka, na mtu wa kwanza kuitwa mara nyingi ni fundi aliye karibu, awe wa Muyinga au wa Ngara. Fundi huyo anaelekezwa kwa simu. Anaelekezwa kwa lugha gani, na maneno gani yatamfikisha kwenye diski inayostahili kung'olewa bila kumpeleka kwenye ile inayostahili kubaki?

Kutoka kuwashwa hadi kuwaka

Kiswahili kina utajiri ambao watunga istilahi za kompyuta hawajautumia ipasavyo. Mtu *huwasha* kompyuta, kompyuta *huwaka*. Kitenzi cha kwanza ni kauli ya kusababisha, cha pili hakina mtendwa, na kati ya viwili hivyo kuna muda. Neno la Kiingereza linalotumika kwa jambo hili lina asili ya taswira ya mtu anayejiinua kwa kuvuta kamba za viatu vyake mwenyewe, na huufunika muda huo wote kwa jina moja. Kwa fundi, muda huo ndio kazi yenyewe. Sekunde kumi au ishirini zinazopita kati ya kidole kubonyeza na skrini kuomba nywila zina makabidhiano kadhaa, na kila kabidhiano lina namna yake ya kushindwa.

Anayeanza ni programu iliyochomwa kiwandani ndani ya bodi kuu. Katika mashine za siku hizi programu hii hufuata kanuni ya UEFI. Katika za zamani iliitwa BIOS. Yenyewe haijui Linux wala haijui kwamba diski mbili ni pacha. Inachojua ni kutafuta, katika diski moja baada ya nyingine, sehemu ndogo iliyopangwa kwa mtindo wa FAT, na ndani yake faili ya kipakizi. Kipakizi kinachotumiwa sana na Linux huitwa GRUB. Jina la Kiswahili *kipakizi* limechaguliwa hapa kwa sababu linaeleza kazi bila kuongeza chumvi: hupakia vitu viwili katika kumbukumbu ya muda, kisha huondoka. Kitu cha kwanza ni kiini cha Linux. Cha pili ni furushi dogo la faili ambalo wataalamu huliita initramfs na ambalo makala haya yataliita *kitangulizi*.

Kwa nini kitangulizi kipo? Kiini hakiwezi kubeba viendeshi vya kila aina ya diski iliyopo duniani. Kingekuwa kizito mno. Viendeshi hivyo hukaa katika diski. Lakini ili kuisoma diski, kiini kinahitaji kiendeshi cha diski. Fumbo hili ni kama la ufunguo uliofungiwa ndani ya nyumba. Suluhisho la kwanza lilikuja mwaka 1996, Linux ilipopewa uwezo wa kuanza na diski ya kubuni iliyo katika kumbukumbu. Miaka michache baadaye, wakati wa maandalizi ya toleo la 2.6, mbinu hiyo ilirahisishwa: furushi la faili likafunguliwa moja kwa moja katika kumbukumbu, bila kuigiza diski. Ndani ya furushi huwamo viendeshi vinavyohitajika, programu chache, na maandiko mafupi ya amri. Kazi yake ni kuitafuta diski halisi, kuiandaa, kuikabidhi kwa mfumo kamili, kisha kutoweka. Debian na jamaa zake hulifunga furushi hili kwa amri ya `update-initramfs`. Fedora na jamaa zake hutumia dracut.

Jambo moja linapaswa kukaziwa kwa sababu ndilo huwashangaza hata mafundi wazoefu. Kitangulizi ni *nakala* iliyofungwa siku fulani. Mtu akibadilisha mpangilio wa diski leo katika mfumo kamili na asikifunge kitangulizi upya, kesho asubuhi mashine itaamka ikiwa na kumbukumbu za jana. Itazitafuta diski kwa majina yasiyokuwapo tena. Hitilafu nyingi zinazosemwa ni za diski ni, kwa kweli, hitilafu za furushi lililochakaa.

Kulwa na Doto, Bukuru na Butoyi

Wazo la kutumia diski kadhaa za bei nafuu badala ya moja ya gharama kubwa lilipewa umbo lake la kitaaluma na David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, katika makala yao ya mwaka 1988. Ngazi ya kwanza katika mpangilio wao ni ile ambayo kila kinachoandikwa huandikwa katika diski mbili kwa pamoja. Kwa Linux, programu ya kusimamia jambo hili ni mdadm, iliyoanzishwa na Neil Brown mwaka 2001.

Istilahi ya lugha za Ulaya kwa ngazi hii imejengwa juu ya kioo, na waandishi wengine wa Kiswahili wameifuata kwa kusema *uakisi wa diski*. Taswira hiyo ina kasoro. Kilicho ndani ya kioo si kitu. Mwenye sura akiondoka, sura nayo huondoka. Diski hizi sivyo. Kila moja ina data nzima, na moja ikifa nyingine inaendelea kuishi. Istilahi *diski pacha* inaeleza hali halisi zaidi, na katika mpaka wa Kobero ina faida ya pili: utamaduni wa kuwapa pacha majina maalumu uko pande zote mbili. Katika Tanzania majina Kulwa na Doto, yenye asili ya Wasukuma na Wanyamwezi, yameenea hadi mijini. Burundi wa kwanza ni Bukuru, wa pili ni Butoyi. Fundi yeyote wa eneo hilo akisikia majina hayo anajua kwamba anazungumziwa wawili walio sawa lakini si mmoja.

Ulinganifu huo unasaidia kueleza hata udhaifu wa mpango. Pacha hawa huandikiwa sawa, kwa hiyo faili ikifutwa kimakosa hufutwa kwa wote wawili katika nukta ile ile. Diski pacha si nakala ya akiba, na ofisi inayodhani ina akiba kwa sababu ina pacha haina akiba. Tena, diski mbili zilizonunuliwa siku moja kutoka katoni moja zinaweza kuwa na kasoro moja ya kiwandani, na zimefanya kazi saa zile zile katika joto lile lile. Na pacha huficha ugonjwa wa mwenzake. Doto akifa, Kulwa hubeba kazi yote na watumiaji hawaoni tofauti yoyote. Programu ya mdadm huweza kutuma barua pepe ya tahadhari, lakini kwa kawaida barua hiyo, iliyoandikwa kwa Kiingereza, huenda katika sanduku la msimamizi mkuu ndani ya seva yenyewe, ambalo katika ofisi nyingi halifunguliwi na mtu. Hali iliyo mbaya kuliko zote ni hii: diski ya kwanza ilikufa miezi iliyopita bila mtu kujua, na siku ya pili kufa ndipo wote wanashtuka kwamba walikuwa na moja tu.

Kila diski ya pacha hubeba, mahali maalumu, rekodi fupi inayoitambulisha: ni ya kundi gani, ni ya ngapi, na imepitia matukio mangapi ya mabadiliko. Rekodi ya toleo la 1.2, ambalo ndilo chaguo la kawaida la mdadm leo, hukaa kilobaiti 4 kutoka mwanzo wa eneo. Ya toleo la 1.0 hukaa mwishoni. Hesabu ya matukio ni muhimu sana. Diski mbili zikifika mbele ya kitangulizi na moja ikawa na hesabu ndogo, kitangulizi kinajua kwamba hiyo ilibaki nyuma, na hakiiingizi kama vile ni sawa na mwenzake. Bila hesabu hiyo data ya wiki iliyopita ingeweza kuchanganyika na ya leo.

Hapa ndipo mambo mawili ya makala haya yanapokutana. Katika toleo la zamani la rekodi hiyo, lile la 0.90, kiini kiliweza kuwakusanya pacha chenyewe. Kwa matoleo ya 1.x hakifanyi hivyo. Ukusanyaji umeachiwa programu, na kwa seva ambayo mfumo wake mzima umewekwa juu ya pacha, programu hiyo lazima iwe ndani ya kitangulizi. Kitangulizi kisichokuwa na mdadm, au chenye orodha ya kale ya makundi, hakitaipata diski ya mfumo hata kama diski zote mbili ni nzima.

Kuna mtego mwingine, na huu umewanasa wengi. Ulinganifu wa pacha haufiki kwenye kila sehemu ya diski. Ile sehemu ndogo ya FAT inayosomwa na programu ya kiwandani kwa kawaida haimo katika upacha, kwa sababu programu hiyo haielewi rekodi za mdadm. Matokeo yake ni kwamba kipakizi huwekwa katika diski moja tu wakati wa usakinishaji, na hakuna anayelitazama jambo hilo tena. Kulwa ana data na kipakizi. Doto ana data peke yake. Doto akifa, hakuna tatizo. Kulwa akifa, seva inaendelea kufanya kazi kwa Doto mpaka umeme ukatike. Umeme ukirudi, mashine haiamki: data yote ipo, salama, ndani ya diski ambayo hakuna wa kuifungulia mlango. Katika eneo ambalo umeme hukatika na kurudi, huo si uwezekano wa mbali. Dawa yake ni kuweka kipakizi katika diski zote mbili na kuhakikisha kwamba kila kinapoboreshwa, kinaboreshwa kote. Wapo wanaoiweka sehemu hiyo nayo katika upacha kwa kutumia rekodi ya 1.0, ambayo kwa kukaa mwishoni haimkwazi msomaji wa FAT. Mbinu hiyo inafanya kazi, ila programu ya kiwandani ikiandika kitu humo kwa upande mmoja, pacha watatofautiana bila mdadm kujua, na upacha hauna njia ya kusema nani kati yao anasema kweli.

Kitangulizi kinapokwama

Kitangulizi kikishindwa kuipata diski ya mfumo, husubiri kidogo kisha hukata tamaa. Katika Debian hutoa ujumbe unaoanza na maneno "Gave up waiting for root file system device", hueleza sababu zinazoweza kuwa chanzo, kisha humfungulia mtu dirisha la amri lenye uwezo mdogo sana. Hakuna menyu wala picha. Ni herufi nyeupe juu ya weusi, na alama inayosubiri.

Ujumbe huo ni wa Kiingereza, na utabaki wa Kiingereza kwa muda mrefu. Kiini cha Linux hakina utaratibu wa kutafsiri jumbe zake, na kitangulizi kwa kawaida hakibebi faili za lugha kwa sababu kimekusudiwa kuwa chepesi. Mtu anaweza kuwa ameiweka seva yake yote kwa Kifaransa au Kiswahili; katika hatua hii uchaguzi wake bado haujasomwa, maana umehifadhiwa katika diski ile ile ambayo haijapatikana. Hata neno linalotumika kwa kilele cha mfumo wa faili, ambalo kwa Kiingereza na Kifaransa ni mzizi wa mti, lingeeleweka bila shida Kobero, ambako Kiswahili husema *mzizi* na Kirundi *umuzi*. Lakini fundi hakutani na dhana. Hukutana na mfuatano wa herufi ambao lazima autambue jinsi ulivyo.

Tatizo la kibodi halizungumzwi sana, na pengine ndilo linalopoteza muda mwingi zaidi. Burundi, kama nchi nyingi zilizorithi utawala wa Kibelgiji au wa Kifaransa, imezoea kibodi za AZERTY. Tanzania imezoea QWERTY. Mfumo kamili unajua kibodi iliyopo. Kitangulizi, kisipoelekezwa, hudhani kwamba kibodi ni ya Kimarekani. Fundi aliyekaa mbele ya kibodi ya AZERTY akaandika `mdadm` kwa kufuata herufi zilizochorwa juu ya vitufe, ataona katika skrini `;dqd;`, na mashine itamjibu kwamba haijui amri hiyo. Ili apate *m* lazima abonyeze kitufe cha mkato, na ili apate *a* abonyeze kile cha *q*. Anayemwelekeza kwa simu akiwa upande wa pili, mbele ya QWERTY, hawezi kulihisi hata kidogo. Atasema "andika kama nilivyokwambia", na mwenzake atajibu kwamba ameandika hivyo hivyo, na wote wawili watakuwa wanasema kweli. Katika Debian mpangilio wa kibodi unaweza kuingizwa ndani ya kitangulizi kwa mstari mmoja katika faili ya mipangilio, `KEYMAP=y`, kabla ya kukifunga upya. Ni mstari wa thamani kubwa, hasa kwa seva ambayo diski zake zimesimbwa na nywila yake huulizwa katika hatua hii, wakati ambapo herufi zinazoandikwa hazionekani.

Saa nazo zina utata wake. Kobero inafuata saa za Afrika ya Kati na Kabanga za Afrika Mashariki. Kuvuka geti ni kuvuka saa moja. Kitangulizi kwa kawaida hakijui ukanda wa saa na huonyesha wakati wa kimataifa. Tukio lililoandikwa katika rekodi ya diski kuwa la saa 08:00 ni la 10:00 kwa saa ya ukutani Kobero na la 11:00 Kabanga, na Mtanzania atalitamka kuwa la *saa tano asubuhi*. Nambari nne kwa nukta moja. Anayejaribu kujua ni pacha yupi alibaki nyuma kwa kulinganisha saa zilizotajwa kwa mdomo atakosea. Alinganishe hesabu za matukio, ambazo hazina ukanda wala lahaja.

Ngeli ya I-/ZI- na diski isiyostahili kung'olewa

Kiswahili husifiwa, na kwa haki, kwa upatanisho wa kisarufi unaomwezesha msomaji kujua kiambishi kinarejelea nini. Sentensi yenye *mtu*, *kitu* na *jambo* haimchanganyi mtu, kwa kuwa kila nomino ina kiambishi chake. Katika lugha ya kompyuta faida hiyo inakaribia kutoweka. *Diski*, *seva*, *programu*, *amri*, *data*, *kompyuta*: takriban zote zimeingia katika ngeli ya I-/ZI-, ambayo ndiyo kimbilio la maneno ya mkopo. Tazama agizo hili, ambalo kisarufi halina kosa: "Toa diski kwenye seva, izime, kisha iwashe na uiongeze." Kinachozimwa ni seva, bila shaka. Kinachoongezwa ni diski. Lakini ipi, ile iliyotolewa au mpya? Msikilizaji anaipata maana kwa ujuzi wake wa kompyuta. Sarufi haimsaidii. Na anayehitaji mwongozo ndiye yule ambaye ujuzi wake haujatosha.

Mtu anaweza kudhani kwamba dawa ni kubuni istilahi za asili zenye ngeli nyingine. Hilo nalo lina mpaka wake, kwa sababu wabunifu wa istilahi hupenda mno KI-/VI-, ngeli ya ala na vifaa. Istilahi zilizotumiwa katika makala haya hazikunusurika: *kiini*, *kipakizi* na *kitangulizi* zote ni *ki-*. Agizo "kifunge upya" likifuata sentensi yenye mbili kati ya hizo halina uhakika wowote. Kifaransa hakina nafuu pia, maana diski na seva zote ni za jinsia ya kiume. Ila hilo si la kujifariji kwalo.

Gharama ya utata huu ni kubwa kuliko inavyoonekana. Katika kubadilisha diski iliyokufa, fundi hufuata mtiririko usio mrefu. Husoma hali ya kundi katika `/proc/mdstat`, ambapo `[UU]` humaanisha wote wapo na alama ya mstari wa chini mahali pa U moja humaanisha mmoja hayupo. Huitangaza diski mbovu kuwa mbovu na kuiondoa katika kundi, huing'oa, huweka mpya, hunakili jedwali la mgawanyo kutoka diski nzima kwenda mpya, huiongeza mpya katika kundi, husubiri isawazishwe, huweka kipakizi ndani yake, na hukifunga kitangulizi upya. Kusawazisha diski ya terabaiti 4 kwa mwendo wa megabaiti 150 kwa sekunde huchukua zaidi ya saa saba, na katika saa hizo zote data nzima iko katika diski moja tu. Ndani ya mtiririko huo pana mahali pawili ambapo *kutoka* na *kwenda*, au *hii* na *ile*, zikibadilishana nafasi, kazi ya ofisi inapotea: kung'oa diski nzima badala ya mbovu, na kunakili jedwali tupu la diski mpya juu ya lile la diski iliyosalia.

Majina yanayotolewa na Linux, `sda` na `sdb`, hayafai kuwa nguzo ya maelekezo. Hugawiwa upya kila mashine inapowaka, na diski iliyokuwa `sdb` jana inaweza kuwa `sda` leo, hasa mwenzake akiwa hayupo. Kinachodumu ni nambari ya mfululizo iliyochapishwa juu ya diski. Ndiyo sababu majina ya pacha yana kazi zaidi ya mapambo. Karatasi ya gundi yenye jina Kulwa na nambari ya mfululizo, nyingine yenye Doto na nambari yake, na jedwali la majina hayo ubavuni mwa seva, humwezesha mwelekezaji kusema "Mwondoe Doto, Kulwa asiguswe" bila kiambishi chenye shaka. Jina lifuate diski, si nafasi yake ndani ya seva. Doto akifa, diski inayokuja si Doto. Utamaduni umeshalitolea hilo jina pia: mtoto anayefuata pacha ni Shija kwa Wasukuma na Ciza kwa Warundi.

Kinachohitaji kuandikwa

Juhudi za kukiingiza Kiswahili katika kompyuta zina historia inayoheshimika. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa ushirikiano na wataalamu wa Sweden, ulitoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, na kabla ya hapo ulilazimika kuandaa faharasa ya istilahi. Kazi hiyo, kama nyingine zilizofuata kutoka kampuni kubwa, ilimlenga mtumiaji aliyekaa mbele ya menyu. Uchaguzi huo ulikuwa na mantiki yake: watumiaji ni wengi, mafundi ni wachache. Lakini wingi si kipimo pekee. Mtumiaji mwenye menyu ya Kiingereza hujifunza mahali pa kubofya baada ya siku chache na kazi huendelea. Fundi aliyekwama katika kitangulizi anakutana na hali hiyo pengine mara moja kwa miaka miwili, kwa haraka, na kosa lake halirekebishiki.

Kwa hiyo washauri wa sera wanaopanga matumizi ya Kiswahili katika vituo vya pamoja vya mpakani wanapaswa kuutazama upya mpangilio wa vipaumbele. Kifungu cha 137 cha Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wa mwaka 1999 kinataka Kiswahili kiendelezwe kuwa lugha ya mawasiliano mapana, na kwa mafundi wawili wa Kobero na Kabanga ndicho tayari. Kinachokosekana ni maandishi. Mwongozo unaofaa hautafsiri ujumbe wa mashine. Huuacha jinsi ulivyo, herufi kwa herufi, na chini yake hueleza kwa Kiswahili maana yake na hatua inayofuata. Katika maagizo yake nomino hurudiwa kila mara badala ya kiambishi cha mtendwa, hata kama mwalimu wa insha angekunja uso. Amri huchapwa kwa namna mbili, ya QWERTY na ya vitufe vya AZERTY vinavyopaswa kubonyezwa, na saa huandikwa kwa wakati wa kimataifa peke yake.

Mwongozo huo unapaswa pia kutamka uamuzi ambao si wa fundi. Seva ikiamka na kukuta pacha mmoja hayupo, iendelee na mmoja au isimame imngoje mtu? Ubuntu kwa miaka kadhaa ilimuuliza msakinishaji swali hilo moja kwa moja. Kuendelea kunafungua ofisi kwa wakati na kunahatarisha data iliyobaki mahali pamoja; kusimama kunalinda data na kunarefusha foleni. Hilo ni suala la utawala: mkuu wa kituo ndiye anayejua saa saba za malori zina thamani gani kulinganisha na nyaraka za wiki moja. Kwa kawaida hajawahi kuulizwa, kwa kuwa swali lilijitokeza mara moja, siku ya usakinishaji, kwa Kiingereza, mbele ya mtu aliyebonyeza kitufe cha kuendelea.

Mwongozo uchapwe kwenye karatasi. Ukiwekwa ndani ya seva, utasomeka siku zote isipokuwa siku ile. Na ujaribiwe mahali penyewe kabla ya kupitishwa: fundi wa Muyinga ambaye hakushiriki kuuandika apewe seva ya majaribio isiyo na data ya mtu, diski yenye jina Kulwa ing'olewe umeme ukiwa umezimwa, kisha aiwashe kwa kufuata karatasi peke yake, huku mwandishi wa mwongozo akiwa Kabanga, bila simu.